Kufuli la Sauti Nne

Mwalimu wetu wa kwaya alipoingia dukani kwangu na kiroba cha madaftari, nilidhani ananiletea karatasi za kufungia maandazi. Nina stesheneri ndogo hapa Tukuyu, si mbali na stendi. Nachapa, natoa kopi, nalaminisha vyeti, najazia watu fomu za mtandaoni, na watu wameshazoea kunitupia kila kitu chenye harufu ya karatasi. Alikitua kiroba juu ya kaunta, akatoa madaftari kumi na moja, mengine yana majalada ya gazeti, akayapanga mbele yangu kama anayekusanya kazi za darasa.

Ndani mlikuwa na nyimbo zake zote. Miaka arobaini ya kutunga, kwa penseli na kalamu ya wino, kila wimbo na nota zake za do-re-mi chini ya maneno, sauti zote nne. Mwalimu ni mtu wa Lufingo, mstaafu wa shule ya msingi, umri unakaribia themanini. Alinifundisha darasa la tatu na fimbo yake naikumbuka mpaka leo, kwa hiyo nilisimama wima bila kuambiwa.

Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho. Ugonjwa ule, alinieleza, hula mwanga kuanzia pembeni ukija katikati, na kinacholiwa hakirudi. Dawa ya matone inauchelewesha tu. Alikuwa ameshaanza kuona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

"Nataka kitabu," alisema. "Na nataka nikisome mwenyewe, nisisomewe na mtu."

Nikakubali palepale, kwa kiburi cha mtu anayejua kuchapa kwa vidole kumi. Sikujua ninachokubali. Nota zile zinaandikwa kwa herufi, mistari ya kusimama na nukta mbilimbili, na kila herufi lazima ikae juu ya silabi yake. Programu yangu ya kuandikia barua ilikuwa haitaki kabisa. Nikipanga soprano, alto inakimbia. Nikiirudisha alto, besi inashuka ukurasa wa pili. Siku ya tatu niliipiga kompyuta kofi.

Katika kutafuta mtandaoni ndipo nikapata plagini, yaani programu ndogo unayoipachika kwenye ile kubwa ikaifundisha kazi isiyoijua. Hii ilikuwa inajua nota. Unaandika, inapanga yenyewe, sauti nne zinakaa kwenye mstari kama watoto wa kipaimara. Mwezi wa kwanza inatumika bure, ila kila ukurasa inaugonga muhuri wa kijivu kutoka kona hadi kona: nakala ya majaribio.

Nilimchapia wimbo mmoja auone. Akaisogeza karatasi dirishani, akaigeuzageuza, akaniuliza huo uchafu ni wa nini. Nikamweleza kuwa wenye programu wanataka tununue leseni, la sivyo kila ukurasa utasema ni majaribio. Akasema nyimbo zake zimezika watu na kuozesha watu kwa miaka arobaini, sasa hayo majaribio ni ya kitu gani tena?

Nisifiche, kijana wa Mbeya ninayenunua kwake wino aliniambia anaweza kuivunja hiyo leseni kwa dakika tano. Nilitamani. Nikamgusia Mwalimu, tena kwa kuzungukazunguka. Akaniuliza swali moja tu: siku ya kuzindua kitabu, mchungaji atakapotuita tuombe, tutaanza na sala ipi? Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Leseni nikainunua. Ilikuja kwa barua pepe, mlolongo wa herufi na tarakimu mrefu kama treni ya mizigo, na sharti lake moja: kompyuta moja, basi.

Miezi mitano iliyofuata ilikuwa ya raha kuliko yote niliyowahi kufanya kazi mle dukani. Kila Jumanne na Alhamisi mchana Mwalimu alikuja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mimi nikasoma daftari na yeye akaimba, maana macho yalikuwa yanachoka haraka na kumbukumbu haichoki. Aliimba besi kwanza, kama anavyofundisha kwaya, akapanda juu taratibu. Wateja waliokuja kutoa kopi ya kitambulisho walibaki kusikiliza. Mama mmoja muuza parachichi aliishika alto ya wimbo wa mavuno kwa kusubiri zamu yake tu, na akawa anaiimba sokoni. Mvua ikinyesha, na kwetu hainyeshi kwa kubahatisha, tulipandisha sauti kushinda bati.

Kazi ilipokwisha, viongozi wa kwaya wakataka kila mmoja aione kwenye simu yake kabla ya kuchapwa kitabu. Hapo ndipo hofu ikaingia. Wilaya yetu ina kwaya nyingi na masikio makali. Unaimba wimbo mpya Jumapili kwenye kanisa la Kinyala, Pasaka unausikia kwenye kwaya nyingine, na waliouimba wanakuangalia usoni bila aibu. Mtu akipata kitabu kizima kwenye simu, si atatutangulia kukichapa?

Mimi, mtaalamu, nikawaeleza. Waraka wa kompyuta unaweza kupewa ruhusa, kama mgeni nyumbani: sebuleni karibu, chumbani hapana. Tutauweka watu wausome, lakini usikubali kuchapwa, kunakiliwa wala kubadilishwa mpaka lipatikane neno la siri. Wakafurahi sana. Nikasema basi, hilo neno nitalitunza mimi.

Kiongozi wa soprano, mama mpole ambaye hajawahi kumkosea mtu, akaniambia si kwamba hawaniamini. Ila hata sanduku la kanisa lina kufuli tatu na funguo zake zimekaa kwa wazee watatu, na mchungaji mwenyewe hawezi kulifungua peke yake. Ndivyo tulivyolelewa. Kitu cha wote hakikai mfukoni mwa mmoja.

Wakaamua kila sauti itoe kipande chake cha neno, kipande ambacho sauti nyingine hazikijui. Kiongozi wa soprano, wa alto, wa tenori na wa besi, kila mmoja atakaa mbele ya kompyuta na kuandika chake, wengine wametazama ukutani. Na mimi je? Mimi nikaombwa nitoke nje. Duka langu, kompyuta yangu, umeme wangu! Nikasimama barazani kwenye manyunyu, nikanunua muhindi wa kuchoma na kuutafuna kwa hasira. Nikajifariji kwamba nakala iliyo wazi bado ninayo mimi ndani ya mashine, watake wasitake.

Kujifariji kwangu kulidumu wiki tatu. Kisha ikaja mvua ya upepo, ikainua bati moja, na maji yote ya mlima Rungwe, hivyo ndivyo nilivyoona, yakapita ndani ya kompyuta. Fundi aliifungua, akaifunga, akanipa pole ya msiba. Kuna flashi za kuhifadhia kazi, nazo zilikuwa zimening'inia ukutani juu ya mashine ileile, kwa sababu naziuza. Sikuwahi kutumia hata moja.

Kikabaki kile kitabu kilichofungwa, kwenye simu za viongozi. Niliituma nakala yake kwa mchapaji wa Mbeya nikijipa moyo kwamba labda mitambo mikubwa ina ubavu. Akanijibu kuwa waraka unakataa kuchapwa, na kwamba yeye si mtu wa kuvunja kufuli za watu.

Mtu atasema, si mngewaita wale wanne? Watatu walikuwepo. Wa nne, besi, alikuwa ameondoka kwa hasira.

Yule mzee wa besi anaishi Lupepo, na kwa miaka mingi alikuwa akija kwetu kuimba kwa sababu ya Mwalimu tu. Wana urafiki wa tangu ujanani. Kitabu kilipofika kwenye simu yake, aliufungua wimbo wa mavuno, ule uliotapakaa sokoni, akakuta jina moja chini yake, la Mwalimu. Naye ndiye aliyeibuni besi ya wimbo ule, siku moja mazoezini, Mwalimu alipokwama. Kila mtu wa zamani analijua hilo. Alipouliza, Mwalimu akamjibu vibaya: kwamba mbeba matofali hadai nyumba. Mzee akakunja koti lake la kwaya, akaliacha kwenye benchi, na Jumapili iliyofuata akasali Lupepo.

Nilikwenda Lufingo kumwambia Mwalimu habari za kompyuta nikiwa nimejiandaa kwa viboko. Nilimkuta uani anachambua maharage kwa vidole. Nikamweleza yote: maji yameua kazi, leseni imekufa na mashine, kilichobaki kimefungwa, nikianza upya ni miezi mitano mingine. Akaendelea kuchambua maharage. Kisha akaniambia ametoka kwa daktari juzi, na lile tundu lake la kuonea limepungua. Hakulia wala hakunigombeza, na mimi ningependa kugombezwa.

"Miezi mitano sina," alisema. "Wewe kesho unipeleke Lupepo."

Mkono mtupu haulambwi. Tulikwenda na mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa mgando, mimi nimebeba mkungu, Mwalimu ameshika bega langu kwenye mteremko. Mzee wa besi alitupokea kwa adabu zote na bila tabasamu hata moja. Tukaamkiana kirefu, tukaulizana mvua, ng'ombe na wajukuu. Mke wake akazichukua ndizi zetu, akazipika, tukala. Kwetu hakuna anayeleta shauri lake kabla ya kula, na siku ile nilitamani wazungu wa leseni waje wajifunze subira. Nilikuwa nimekaa juu ya miiba. Wao wakawa wanatafuna taratibu na kusifu chumvi.

Sahani zilipoondolewa Mwalimu hakutaja kitabu. Hakutaja neno la siri. Aliugeuza uso wake kidogo kidogo mpaka akampata rafiki yake katikati ya lile tundu lake.

"Besi ile ni yako," akasema. "Nilijua ni yako tangu siku ile. Niliona wivu, ndugu yangu, kwa sababu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwenye wimbo, na haikutoka kwangu."

Mzee akasema alichotaka ni kuambiwa, wala si jina. Kisha, baada ya kufikiri, akasema na jina pia. Nikacheka kwa sauti, nikajiziba mdomo, lakini Mwalimu naye alikuwa ameshaanza, na mwisho tulicheka wote wanne, mke wa mzee akiwa mlangoni na mwiko mkononi. Nikamwahidi mzee kwamba kufuli likifunguka tu, jina lake ndilo nitakaloanza nalo.

Kabla ya kukutana nilikuwa na kazi ya leseni. Kompyuta mpya nilishaipata, ya mkononi, iliyotumika. Nikapachika plagini, nikaandika ule mlolongo mrefu, ikanijibu kuwa leseni hii tayari ina kompyuta yake. Nikawaandikia wenyewe kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Wakanijibu vizuri tu, kwamba niiwashe kompyuta ya zamani nikaiondoe leseni humo kwanza. Nikawaandikia tena kwamba kompyuta ya zamani ni marehemu, imekufa maji, na marehemu hatumtumi. Nikaambatanisha picha yake ikiwa imewekwa juani na kuku amekaa juu yake. Baada ya siku nne likaja jibu fupi: leseni imeachiliwa, na mpe kuku salamu. Niliisomea duka zima barua ile.

Basi tukakutana, Jumamosi mchana, viongozi wanne, Mwalimu na mimi. Safari hii hawakunitoa nje. Kidole kimoja hakivunji chawa, nikawaambia, haya njooni na vidole vyenu. Akakaa mama wa soprano, akaandika kipande chake, sisi wote tumetazama kalenda ukutani. Akaja wa alto. Akaja wa tenori. Mzee wa besi akaja mwisho, akaandika kwa kidole kimoja kinene, akibonyeza kila kitufe kama anapima embe. Nikabonyeza kitufe cha kuruhusu.

Kompyuta ikasema neno si sahihi.

Wakarudia. Si sahihi. Nikawaomba waandike polepole, waangalie herufi kubwa na ndogo. Wakarudia mara ya tatu na ya nne, na kila mara macho yalikuwa yanahamia kwa mzee wa besi, maana ndiye aliyekuwa ameondoka. Yeye akaapa kwamba kipande chake hawezi kukisahau hata akifa. Mama wa alto naye akaanza kukitilia shaka cha kwake. Wa tenori akasema labda mvua imeharibu na hili. Mimi nilianza kuhesabu miezi mitano moyoni, nikiogopa kumtazama Mwalimu kwenye kiti chake cha plastiki.

Mwalimu alikuwa ametulia, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mtu anayeimba chini ya nota.

"Mmekaa kwa mpango gani?" akauliza.

Nikamjibu: soprano, alto, tenori, besi. Kama kitabuni.

"Na siku ile?"

Wakatazamana. Kitabu chochote cha nyimbo kinaanza na soprano, juu, kinashuka. Lakini kwaya yetu haijawahi kufundishwa hivyo. Mwalimu huanza na besi, kwa sababu wazee wanachelewa kushika, kisha tenori, kisha alto, na soprano huja mwisho kwa kuwa hao hushika wimbo hata wakiwa jikoni. Miaka arobaini, kila Jumamosi. Siku ya kufunga kitabu hakuna aliyewapanga. Walijipanga wenyewe walivyozoea, na leo ni mimi niliyewaita kwa mpangilio wa kwenye karatasi, nikajiona msomi.

Mzee wa besi akakaa kwanza. Akafuata tenori, alto, soprano. Nikabonyeza. Kile kikufuli kidogo cha kona ya juu kikapotea, bila mlio wowote, na neno la kuchapa ambalo lilikuwa limefifia likawaka jeusi. Mama wa soprano akapiga kigelegele ambacho nina hakika walikisikia stendi. Nikaichomeka flashi kabla ya kusema lolote. Kisha nikaufungua wimbo wa mavuno, plagini ikaamka bila ubishi, na chini ya jina la Mwalimu nikaandika jina la pili. Mzee akaniomba nilikuze kidogo ili alione vizuri. Nikalikuza. Akalitazama, akasema sasa lirudishe, lisizidi la mwenzake.

Vitabu vilikuja kutoka Mbeya baada ya wiki mbili, nakala mia moja, jalada la kijani. Kwaya ilikuwa mazoezini, mzee wa besi na koti lake amekaa mahali pake. Watu wakavamia maboksi, kila mtu anatafuta wimbo wake, kelele kama mnadani. Mimi nilichukua nakala moja nikampelekea Mwalimu, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha. Nikataka kumfungulia. Akanipiga kidogo kwenye mkono.

Alikisogeza mpaka karibu na pua, akakiinamisha upande kwenye mwanga, akaanza ukurasa wa kwanza. Alisogeza kitabu, si macho, herufi zikipita mbele ya lile tundu moja moja. Kelele zikapungua zenyewe, watu wakakaa. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Nilitamani kumuuliza anaona au anakumbuka tu, maana nyimbo ni zake na anazijua zote kwa moyo, angeweza kufunua kurasa mpaka mwisho kutufurahisha. Sikuthubutu. Alifika ukurasa wa tisa, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena. Akaweka ukucha wake chini ya herufi moja ya alto.

"Gwe, wewe mwanangu," akasema, "hapa umeandika so. Ni la."

Nikachutama kando yake nikatazama. Ilikuwa so. Nikakimbilia daftari, nikalifungua: la, kwa penseli, wazi kabisa. Kosa langu mwenyewe, limepita miezi mitano, kufuli, mvua na mchapaji, na sasa limo kwenye nakala zote mia moja. Nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Wenzangu walidhani naona aibu.

Mwalimu akaomba kalamu. Akaiandika la yake, polepole, ndogo na safi, akafunga kitabu, akasema aletewe na vingine. Nikamwambia tutavirekebisha sisi, asijichoshe. Akasema leo anaona, kesho ni ya Mungu. Basi watu wakajipanga, besi wakitangulia, kila mmoja na kitabu chake amekifungua ukurasa wa tisa, na yeye akawa anainama, anatafuta, anaandika, anampungia anayefuata. Ilichukua mchana mzima, na hakuna wimbo hata mmoja tulioimba. Mimi nilisimama mwisho kabisa wa foleni, na nilipofika, alikitazama kitabu, akanitazama na mimi, akaikosoa ile so yangu.